Kilele Kilichoporomoka: Mto Rusizi, Jiwe la Mugere na Balagha ya Masimulizi ya Wasafiri

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mporomoko wa kilele, yaani mbinu ya balagha ambayo kwayo msimulizi hupandisha matarajio ya hadhira kisha kuyaangusha ghafla kwenye jambo dogo. Mbinu hiyo inachunguzwa katika masimulizi ya wasafiri wa Kizungu waliofika Ziwa Tanganyika kati ya 1858 na 1871. Hoja kuu ni kwamba mporomoko haukai ndani ya tukio. Hukaa ndani ya matarajio, na matarajio huwa na mwenyewe. Wenyeji wa ufuko wa kaskazini walijua mto Rusizi unaelekea wapi, kwa hiyo habari iliyowavunja moyo wageni haikuwavunja moyo wao. Makala yanaonyesha kwamba anayelisoma Jiwe la Mugere, karibu na Bujumbura, kwa matarajio ya wageni hao hupoteza historia iliyo muhimu zaidi, na yanatoa mapendekezo kuhusu maelezo ya turathi na ufundishaji wa historia.

Maneno muhimu: balagha, mporomoko wa kilele, Ziwa Tanganyika, Rusizi, Mugere, turathi

1. Utangulizi

Kilomita zipatazo kumi kusini mwa Bujumbura, mahali paitwapo Mugere, lipo jiwe kubwa linalotazama Ziwa Tanganyika. Limeandikwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe ya 25 Novemba 1871. Mgeni anayepelekwa hapo huambiwa mara kwa mara kwamba ndipo Henry Morton Stanley alipomkuta Daktari David Livingstone na kumwamkia kwa ile sentensi iliyoenea duniani kote.

Maelezo hayo si sahihi. Wawili hao walikutana Ujiji, katika Mkoa wa Kigoma wa leo nchini Tanzania. Kwa hesabu ya Stanley mwenyewe, ilikuwa tarehe 10 Novemba 1871, yaani siku kumi na tano kabla ya tarehe iliyochongwa jiweni. Mugere walilala siku mbili tu, wakiwa wageni wa mtawala aitwaye Mukamba, katika safari yao ya mtumbwi kuelekea ncha ya kaskazini ya ziwa.

Anayeelezwa ukweli huu akiwa amesimama mbele ya jiwe huhisi kitu fulani kikishuka. Alidhani amefika mahali pa mkutano mashuhuri. Kumbe amefika kituo cha kupumzikia. Hisia hiyo ya kushuka ndiyo kiini cha makala haya. Tunauliza: imetoka wapi? Je, Mugere ni mahali padogo, au kuna mtu aliyetufundisha kutazamia jambo jingine hata tukashindwa kuona lililopo?

2. Mporomoko kama mbinu ya balagha

Katika uhakiki wa Kiswahili neno kilele limezoeleka: ni pale ambapo mgogoro wa kisa hufikia juu kabisa. Kinyume chake hakijapata neno moja linalokubalika na wote. Makala haya yanatumia mporomoko wa kilele, au mporomoko kwa kifupi, kwa maana ya kupanda kwa maneno au matukio kunakokatizwa na jambo dogo, la kawaida au lisilo na uzito uliotarajiwa.

Wanafalsafa na washairi wa Ulaya waliitazama mbinu hii kwa macho mawili. Mwanzoni mwa karne ya 18, Alexander Pope aliandika makala ya dhihaka kuhusu washairi wanaolenga juu na kuangukia chini bila kujua. Kwake mporomoko ni aibu ya mwandishi. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1790 kuhusu uamuzi wa ladha, aliueleza kama chanzo cha kicheko: matarajio yaliyokazwa kama uzi wa upinde hulegezwa ghafla na kuwa si kitu. Kwake mporomoko ni jambo linalotokea ndani ya msikilizaji.

Hadhira ya Kiswahili imeyajua yote mawili kwa njia yake. Methali isemayo ngoma ikivuma sana hupasuka inamwonya apandaye kupita kiasi. Nazo hekaya za Abunuwasi zinaonyesha mporomoko uliopangwa kwa makusudi. Katika kisa cha sufuria, Abunuwasi anaazima sufuria ya jirani na kuirudisha pamoja na ndogo, akidai kwamba imezaa. Jirani anafurahi na kuzipokea zote mbili. Anapoazimwa tena, anaitoa haraka, akihesabu moyoni faida itakayomjia. Safari hii anaambiwa kwamba sufuria imekufa. Akilalamika, anakumbushwa kwamba aliyekubali kuzaa hana budi kukubali kufa.

Kisa hiki kina funzo la kinadharia linalopita ucheshi wake. Hadhira inacheka, lakini jirani hacheki. Tukio ni lile lile, ila hadhira haikuwa imepanda pamoja naye. Ilikuwa imesimama kando ikimtazama akipanda. Aangukaye ni yule aliyepanda. Kwa hiyo kila tunapokutana na mporomoko katika maandishi ya historia tunapaswa kuuliza maswali mawili: nani alipandisha matarajio, na nani hakuwa nayo tangu mwanzo?

3. Ujiji: salamu na msafara

Masimulizi ya Stanley kuhusu kukutana na Livingstone yalianza kuchapishwa katika gazeti la New York Herald mwaka 1872, na katika mwaka huo huo yakatokea kama kitabu. Stanley alikuwa mwandishi wa habari, na alijua kujenga kilele. Msomaji anasafirishwa kutoka Bagamoyo mwezi Machi 1871, anapitishwa katika homa, vita vya Unyanyembe na maasi ya wapagazi, hadi anapofika juu ya mlima na kuliona ziwa. Bendera ya Marekani inatangulia, bunduki zinafyatuliwa, umati unakusanyika, wazee wa Kiarabu wamejipanga, na katikati yao amesimama mzee mweupe wa sura iliyochoka.

Hapo ndipo kilele kinapoporomoka. Stanley anavua kofia na kusema, kwa adabu ya sebuleni, kwamba anadhani huyo ndiye Daktari Livingstone. Hapakuwa na Mzungu mwingine mahali pale. Yeye mwenyewe aliandika kwamba alitaka kumkumbatia, ila alizuiwa na woga na majivuno mbele ya umati. Wasomaji wa Uingereza walicheka, na sentensi hiyo ikawa mzaha uliomwandama maisha yake yote. Mtu aliyekusudia kuonyesha heshima ya kiungwana aliangukia katika aina ile ya mporomoko ambayo Pope aliicheka.

Kama sentensi hiyo ilitamkwa kweli ni swali lililo wazi. Kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu siku hiyo zilichanwa, na Tim Jeal, katika wasifu wake wa Stanley wa mwaka 2007, anaona kwamba huenda ilibuniwa baadaye. Shajara ya Livingstone, iliyochapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake, haiitaji. Inachokitaja ni mtumishi wake Susi aliyekuja mbio kumwarifu, bendera ya Marekani, na shehena ya mgeni: majora ya bidhaa, mabeseni ya bati ya kuogea, mabirika makubwa, sufuria na mahema. Kwa mtu aliyerudi Ujiji na kukuta mali yake imeuzwa yote, sufuria na mabirika havikuwa vitu vidogo.

Tuongeze mashahidi wengine ambao masimulizi haya huwaacha nyuma. Livingstone hakuwa amepotea machoni pa wakazi wa Ujiji. Alikuwa na nyumba na majirani, na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa mji walimfahamu kwa jina. Milio ya bunduki nayo haikuwa sherehe ya ugunduzi. Ilikuwa desturi ya kila msafara unapokaribia mji. Wakazi walitoka nje kwa sababu msafara umefika, ukiwa na bidhaa na habari za pwani. Kwao siku ile haikuwa na kilele cha kuporomoka. Kilele kilikuwa cha wasomaji wa New York na London, walioambiwa kwa miaka kadhaa kwamba daktari ametoweka.

4. Rusizi: mto ulioingia badala ya kutoka

Iwapo Ujiji palikuwa na mporomoko wa kuchekesha, katika ncha ya kaskazini ya ziwa palikuwa na mporomoko wa elimu. Swali lilikuwa moja: mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Kama unatoka kuelekea kaskazini, basi Ziwa Tanganyika lingeweza kuwa chanzo cha Nile, na atakayethibitisha hilo angepata sifa isiyo na kifani.

Richard Burton na John Hanning Speke walifika ziwani Februari 1858. Mwezi uliofuata Speke alivuka hadi kisiwa cha Kasenge kumtafuta Hamed bin Sulayyim, mfanyabiashara wa Kiarabu, ili kukodi chombo. Alirudi bila chombo, lakini akiwa na habari kwamba upande wa kaskazini kuna mto mkubwa unaotoka ziwani. Habari hiyo ndiyo iliyopandisha matarajio. Mwezi Aprili walikwenda kwa mitumbwi hadi Uvira, ng'ambo ya mahali ulipo mji wa Bujumbura leo, mwendo mfupi tu kutoka mdomo wa Rusizi. Wana watatu wa mtawala wa huko waliulizwa, nao walijibu kwamba mto unaingia ziwani. Wengine waliokuwapo walithibitisha. Kannena, aliyeongoza mitumbwi kutoka Ujiji, alikataa kuendelea mbele. Burton aliandika waziwazi jinsi moyo wake ulivyovunjika.

Maelezo ya kosa hilo ni muhimu hasa kwa watafiti wa Kiswahili. Speke hakuweza kuzungumza na Hamed moja kwa moja. Alitegemea Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuishi India, ambaye alizungumza na Speke kwa Kihindustani na kuwageukia wengine kwa Kiswahili. Kwa mujibu wa Burton, walipokuwa Uvira Bombay alieleza kwamba bwana wake hakumwelewa Hamed: Mwarabu yule alizungumzia mto unaoingia, wala si mto unaotoka. Kwa Kiswahili tofauti hiyo haina utata hata kwa mtoto. Kuingia ni kuingia na kutoka ni kutoka. Ila neno lilipopita katika lugha mbili na kumfikia msikilizaji aliyekwisha tamani jibu fulani, liligeuka. Matarajio ya Nile yalijengwa juu ya tafsiri.

Ungetegemea kwamba jibu la Uvira lingefunga mjadala. Halikuufunga. Burton na Speke walirudi Uingereza wakiwa mahasimu, Speke akitetea Ziwa Victoria. Mdahalo wao mkubwa ulipangwa kufanyika katika mji wa Bath tarehe 16 Septemba 1864, mbele ya wanachama wa Chama cha Uingereza cha Maendeleo ya Sayansi. Ukumbi ulikuwa umekwisha jaa habari ilipofika kwamba Speke alikufa jana yake kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Mdahalo uliosubiriwa na nchi nzima uliishia katika ukimya, na ni mmoja wa mporomoko ambao hakuna awezaye kuucheka. Burton, ambaye hakuwa ameuona Rusizi kwa macho yake, alirudi kushikilia kwamba mto huo unatoka ziwani. Ushahidi wa wana wa mtawala uliwekwa kando, kana kwamba swali halijawahi kujibiwa.

Hii ndiyo sababu Stanley na Livingstone waliondoka Ujiji tarehe 16 Novemba 1871. Njiani habari walizopata zilikinzana. Walipofika Mugere, Mukamba aliwapokea vema. Stanley aliugua homa, na Livingstone akamwuguza. Kisha wakaenda kwa ndugu yake Mukamba aitwaye Ruhinga, katika nchi iliyo karibu na mdomo wa mto. Huyu aliwaeleza mito ya eneo lake mmoja baada ya mwingine. Aliwaambia kwamba Rusizi unaingia ziwani, na kwamba asili yake ni upande wa ziwa Kivu. Tukiweka maneno yake kando ya ramani ya leo hatupati cha kusahihisha katika jambo hilo la msingi.

Hata hivyo walipiga kasia hadi mdomoni, wakapenya kwenye matete, na kuona mkondo ukiwajia usoni kwa nguvu. Mto unaingia. Swali lililogharimu fedha, urafiki na afya za watu lilijibiwa kwa neno moja, na neno hilo lilikuwa lile lile lililosemwa Uvira miaka kumi na mitatu kabla. Tarehe 13 Desemba walikuwa wamekwisha rudi Ujiji.

Katika maandishi ya kijiografia ya Ulaya safari hii huelezwa kama mporomoko: matumaini makubwa, jibu la kukanusha. Lakini tukiurudia ule ufunguo wa kisa cha sufuria, tunaona kwamba Ruhinga hakuanguka, kwa kuwa hakuwahi kupanda. Kwake Rusizi ulikuwa mto wa uvuvi, wa mpaka na wa mashamba. Akiulizwa unaelekea wapi, alijibu. Yale ambayo kitabu kiliyaita matokeo hafifu yalikuwa, kwa upande wake, maelezo kamili ya nchi yake.

5. Kilele kinachohamia mlima mwingine

Mporomoko mmoja hauondoi tamaa ya kilele. Mara nyingi huihamisha. Baada ya Rusizi, Livingstone aliendelea kuamini kwamba Lualaba ndiyo Nile ya juu, na alikufa mwaka 1873 katika Zambia ya leo akiwa bado anaifuata imani hiyo. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron aliufikia Lukuga upande wa magharibi, ambako ndiko maji ya Tanganyika hutokea. Mwaka 1877 Stanley aliufuata Lualaba hadi Boma na kuthibitisha kwamba ni mto Kongo.

Historia iliweka hatua ya mwisho nchini Burundi kwenyewe. Katika miaka ya 1930 Mjerumani Burkhart Waldecker aliifuatilia Nile kupitia Kagera, Ruvubu na Ruvyironza hadi kwenye chemchemi ya Kasumo huko Rutovu, upande wa kusini mwa nchi. Juu ya kilima palijengwa piramidi ndogo ya mawe kuadhimisha chanzo cha Nile kilicho kusini zaidi ya vyote. Anayekwenda huko akiwa amebeba moyoni picha ya mto wa Misri hukuta maji machache yakitiririka kwa utulivu. Nchi ambayo wasafiri wa 1858 na 1871 waliiacha kwa sababu haikuwapa Nile kupitia Rusizi ilikuwa nayo vilimani muda wote, katika umbo ambalo hawakulitazamia.

Hapa pia mwenye kuvunjika moyo ni yule aliyekuja na kipimo cha kwake. Mkulima wa Rutovu hakuhitaji chemchemi yake iwe kubwa ndipo iwe ya kweli.

6. Mugere leo: athari kwa sera na ufundishaji

Tukirudi kwenye jiwe, tunaelewa kwa nini kosa la kulihusisha na mkutano wa kwanza linaishi. Si uongo wa makusudi tu. Ni juhudi ya kuukwepa mporomoko kwa kuazima kilele cha jirani. Tatizo ni kwamba kilele cha kuazimwa hudaiwa. Mgeni aliyekwisha pitia Ujiji, ambako ipo kumbukumbu ya mkutano huo, hufika Mugere na kuona kwamba ameambiwa isivyo. Baada ya hapo hataamini hata yaliyo kweli. Aidha, dai hilo linawafanya wenyeji wa Mugere kuwa mandhari tu ya mkutano wa wageni wawili, ilhali hapo ndipo wageni walipokuja kuuliza na kufundishwa.

Kwa msingi huu tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, maelezo ya Jiwe la Mugere yaandikwe upya kwa Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, yakieleza kinaganaga kwamba hapa ni mahali pa ugeni wa Mukamba, katika safari iliyothibitisha kwamba Rusizi unaingia ziwani. Majina ya Mukamba na Ruhinga yawekwe pamoja na yale mawili yaliyochongwa, pasipo kugusa maandishi ya asili ya jiwe, kwa kuwa hayo nayo ni sehemu ya historia.

Pili, Ujiji, Mugere, mdomo wa Rusizi, Uvira na Rutovu visimuliwe kama njia moja ya turathi. Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia mwaka 2022. Pamoja na Tanzania, nchi hizi zinashiriki ziwa, na Kiswahili ndicho lugha ambayo swali la Rusizi liliulizwa na kujibiwa katika misafara. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina nafasi ya kuratibu maandishi ya pamoja, ili kila nchi isilazimike kunyang'anyana kilele kimoja.

Tatu, wanafunzi wa historia wafundishwe balagha. Anayesoma kitabu cha msafiri bila kujua namna matarajio yanavyopandishwa huchukua huzuni ya mwandishi kuwa ni sifa ya nchi. Zoezi rahisi lingefaa: mwanafunzi apewe tukio moja, aandike kwanza kwa mtazamo wa Stanley, kisha kwa mtazamo wa mpiga kasia kutoka Ujiji, halafu aeleze ni katika maandishi yapi kuna mporomoko na kwa nini.

7. Hitimisho

Tumeona mporomoko wa namna tatu: wa salamu iliyochekwa, wa mto uliokataa kuwa Nile, na wa jiwe lililopewa sifa isiyo yake. Katika yote matatu tukio halikuwa dogo. Lililokuwa kubwa mno ni tarajio. Mbinu hii ya balagha ni halali katika ucheshi na katika sanaa, na masimulizi yasingekuwa na ladha bila hiyo. Ila mwanahistoria anapoirithi pasipo kuikagua, hurithi pia nafasi ya yule aliyepanda na kuanguka, na kuiacha nafasi ya yule aliyekuwa amesimama imara muda wote. Mwezi Novemba 1871, katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, watu waliulizwa swali nao wakatoa jibu sahihi. Hilo ndilo linalostahili kuelezwa mbele ya Jiwe la Mugere.